Moto ukivuka mpaka wa shehia nani anampigia nani? Tuliongee kabla kaskazi haijakaza

Mwana_wa_Maweni
Asalaam aleikum. Naleta jambo, msije mkaligeuza siasa.

Huku kusini Unguja kuna shehia tatu zinauzunguka mwitu mmoja wa maweni, ile ardhi ya mawe ya matumbawe. Kila shehia ina kamati yake ya uhifadhi, kila kamati ina mpango wake wa moto, umepigwa muhuri na umelazwa kabatini. Kiangazi kilichopita moto ulianza upande wa jirani zetu mchana, moshi tukauona vizuri kabisa tumekaa barazani, tukasema wenyewe wanachoma makonde yao waacheni. Kufika laasiri ushaingia kwetu, kaskazi inausukuma, watu wanakata matawi mabichi wanaupiga, wengine pekupeku juu ya yale mawe mnayajua wenyewe, sheha wetu anampigia sheha mwenzake hapatikani, bwana misitu yuko semina mjini, gari la zimamoto limekuja likabaki barabarani maana kule ndani hamna njia ya gari. Imekwenda mihogo ya watu na mizinga ya nyuki ya kikundi cha kina mama.

Dai langu ni hili. Kuchoma hatutaacha leo wala kesho. Shida ni kwamba mipango iko mitatu na mwitu ni mmoja, na katika hiyo mitatu hamna hata mmoja unaosema fulani akiona moshi ampigie fulani. Januari hiyo inakuja. Mnaonaje?

Kipanga
Waaleikum salaam. Usitupoteze sheikh, shida ni wachomaji. Warina asali wanaingia usiku na mienge ya makuti, wakishapata chao wanatupa kimwenge wanaondoka. Kamata wawili tia ndani uone kama Januari hiyo itakuwa na moto.

MlinaAsali
@Kipanga nilijua tu. Mbuzi akipotea mrina asali, moto ukiwaka mrina asali. Mie nina mizinga na nina bomba la moshi la kutulizia nyuki, mwenge nimeuacha zamani. Mtu mwenye mizinga yake mwituni ndo wa mwanzo kulia moto ukipita, maana nyuki wakihama hawarudi kwa kuitwa. Nendeni mkawaulize wanaosafisha viwanja vya kuuza huko pwani, eka nzima inatiwa moto siku moja ili mnunuzi akija aone bahari.

Shangani82
Na wachoma mkaa je? Tanuri linafukiwa udongo mwembamba juu ya mawe, udongo wenyewe huko maweni wa kuokoteza, likipasuka ubavuni usiku nani yupo?

Kipanga
Haya basi wote. Warina, wakata mkaa, wauza viwanja. Tia ndani wote.

Mwana_wa_Maweni
Wote hao wana wajomba kwenye kamati, @Kipanga. Ndo maana nikasema tuanze na simu.

BintiMakunduchi
Mie nasema mkulima ndo mwenye moto mwingi na tusimwonee. Maweni hayalimwi kwa trekta, unafyeka, unaacha pakauke, unatia moto, jivu ndo mbolea, unapata misimu miwili mitatu kisha unahama. Zamani konde ikilala miaka mingi kabla ya kurudiwa, mwitu unarudi mbichi, moto wa jirani ukifika hapo unakufa wenyewe. Siku hizi watu wengi ardhi ndogo, konde inalala miaka kidogo tu inarudiwa, pamejaa vichaka vikavu na majani. Moto ni ule ule wa babu zetu ila chakula chake ndo kimezidi.

Jongoo_Bahari
Mtu wa Makunduchi anatufundisha moto 😂 nyie si ndo mnachoma banda kila sherehe ya Mwaka Kogwa na watu mkawatia ndani kwanza?

BintiMakunduchi
@Jongoo_Bahari cheka utakavyo. Lile banda ndo moto pekee Unguja wenye mpango. Mahali panajulikana, siku inajulikana, wa kutia moto anajulikana, waliomo ndani wanajua wanatokea wapi, na kijiji kizima kipo pale kinatazama moshi unaelekea upande gani. Niambie konde gani inachomwa hivo.

Jongoo_Bahari
Dah. Nimenyamaza.

Babu_Karafuu
Salaam kutoka Pemba. Nyie wa Unguja mnazungumza maweni, sisi huku moto unaingia kwenye mikarafuu. Shamba lisilopaliliwa chini kuna majani makavu na miche ya pori, mtu kachoma konde yake ya mpunga wa juu jirani, cheche zinaingia. Moto wenyewe si mkubwa, unakwenda chini chini kama maji yaliyomwagika, haufiki hata magotini, unasema alhamdulillahi miti imepona. Baada ya wiki chache majani yanageuka rangi ya chai ya rangi, yanaanza juu kileleni. Mizizi ya mkarafuu inayokula iko juu juu, moto ule mdogo umeshaipika. Ukibandua gome pale chini unakuta pakavu pamekuwa kahawia. Na mkarafuu ukiupanda leo unangojea miaka sita mpaka minane ndo uanze kukupa, wa kuzaa sawasawa ni zaidi ya hapo. Kwa hiyo msiniambie simu. Niambieni nani analipa.

MlinaAsali
Pole mzee wangu. Na uliyempa hasara alijulikana?

Babu_Karafuu
Anajulikana mpaka alipokaa. Ni mtoto wa dada yangu. Ndo maana nauliza nani analipa.

Kipanga
😂😂 Mzee mpeleke kwa sheha.

Babu_Karafuu
Sheha ni shemeji yake.

Toronto_Baridi
Asalaam aleikum ndugu zangu, mie niko Kanada, naona mnahangaika na jambo ambalo huku limeandikiwa vitabu. Kila mtaa ulio karibu na msitu unahimizwa uwe na mpango wake, watu wa misitu, wa zimamoto na wenye nyumba wanakaa meza moja. Na kuna kanuni za nyumba: mita 1.5 kuzunguka ukuta pasiwe na kitu chochote kinachowaka, halafu mpaka mita 10 unapunguza miti na majani makavu, halafu mpaka mita 30 unapogoa. Kwa sababu nyumba nyingi haziunguzwi na ukuta wa moto, zinaunguzwa na cheche zilizotangulia na upepo zikaangukia kwenye takataka za paa. Angalieni Lahaina kule Hawaii 2023, kisiwa kama sisi, watu elfu moja wamekufa kwa sababu mpango haukufanya kazi.

Fundi_Makuti
@Toronto_Baridi mita 1.5 pasiwe na kinachowaka. Kaka, paa lenyewe makuti, dari makuti, uwa makuti, choo cha nje makuti. Nyumba ndo kinachowaka.

Shangani82
@Toronto_Baridi tuweke sawa hapo. Lahaina hawakufa elfu. Kuna wakati walitangaza 115, wakashusha mpaka 97, idadi iliyokuja kusimama ni 102. Ni wengi sana kwa mji mdogo, ila si elfu.

Na kuna la kujifunza kubwa kuliko idadi. Tarehe 8 Agosti asubuhi nyaya za umeme zilianguka na upepo, majani yakawaka, zimamoto wakaja wakauzima, wakakaa masaa, wakaona umekwisha wakaondoka. Mchana ule ule ukafufuka pale pale, upepo mkali, ukaushukia mji. Uchunguzi wao wenyewe umesema hivo, kuwa moto wa mchana ni ule ule wa asubuhi. Na ving'ora vyao wanavyo vingi tu, havikulizwa.

Na majani yaliyowaka yalikuwa yameota kwenye mashamba ya miwa yaliyoachwa, kiwanda cha sukari cha pale kilifungwa 1999. Hayo majani asili yake huku kwetu Afrika, yalipelekwa kwa ajili ya malisho. @Babu_Karafuu shamba lisilopaliliwa ndo hilo.

Toronto_Baridi
Ahsante kwa masahihisho.

Babu_Karafuu
Hapo kwenye shamba kuachwa mmepiga penyewe. Palizi inataka pesa. Vijana wamehamia Unguja na Dar, wamebaki wazee na sisi tunapalilia msimu wa kuchuma tu, tena pale chini ya mti ili karafuu zikianguka zionekane. Katikati ya mistari nani aende.

Mjumbe_Asiyelipwa
Mie nimo kwenye kamati, sitosema shehia gani. Niwape picha ilivo. Kuna kamati ya uhifadhi wa misitu, hii inatokana na mkataba wa jamii na watu wa misitu, chini ya sheria ya misitu namba 10 ya 1996. Kuna kamati ya maafa ya shehia, hii inatokana na sheria ya maafa ya 2015, iko kwenye mstari wa wilaya na Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. Halafu kuna Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, wao wana amri zao. Moto ukiwa mwituni ni wa misitu, ukifika kwenye nyumba ni maafa, ukiwa hotelini ni zimamoto. Moto wenyewe haujui.

Na ukitazama majina kwenye kamati ya misitu na kamati ya maafa utakuta nusu ni watu wale wale, mie mmoja wao, ila vikao mbali mbali na daftari mbali mbali. Niliwahi kupendekeza tukae siku moja tuunganishe, nikaambiwa bajeti ni tofauti.

Kipanga
Sema posho ni tofauti.

Mjumbe_Asiyelipwa
Jina langu umelisoma lakini?

Bi_Kuni
Nyie wanaume mnapiga kelele hapa. Nani anaona moto wa mwanzo? Ni sie tunaokwenda kuokota kuni na wanaotoka pwani na mwani wao, saa ambazo nyie mko mjini au mmelala. Kwenye kamati ya kwetu wanawake wawili, na hao wawili kazi yao chai. Kikao wanaitwa wanaume, moto ukiwaka ndoo wanaitwa wanawake. Halafu mizinga iliyoungua ya kina mama.

Mwana_wa_Maweni
@Bi_Kuni hilo kweli kabisa na nitalisema kikaoni. Siku ile ya moto mama mmoja alituambia kabla ya laasiri kuwa kaona moshi mweupe umegeuka mweusi, akaambiwa aende akapike.

Bi_Kuni
Moshi mweusi maana yake umetoka kwenye majani makavu umeingia kwenye miti. Hilo halitaki semina.

Shangani82
Si lazima bibi, moshi mweusi unaweza kuwa taka za plastiki au tairi pia. Watu wa fukwe wanachoma taka.

Bi_Kuni
Haya mwana wa Shangani, wewe umeona miti mingapi mjini.

Ustadh_Wifi
Salaam. Kuna kitu kinaitwa FIRMS cha NASA, bure, unafungua kwenye simu unaona vidoa vyekundu kila penye moto. Setilaiti zinapita mara kadhaa kwa siku, na taarifa inatoka ndani ya masaa matatu hivi. Kile chombo chao kimoja cha setilaiti, VIIRS, kila kidoa ni mita 375. Nimeangalia Pemba na Unguja miezi ya Januari na Februari, vidoa vipo.

MlinaAsali
Masaa matatu ustadh? Masaa matatu @Mwana_wa_Maweni mihogo ishaiva humo humo ardhini.

Ustadh_Wifi
Si ya kuzimia, ni ya kupangia. Ukiweka vidoa vya miaka mitano juu ya ramani utaona moto unaanzia wapi kila mwaka. Kama unaanzia njia ya mkaa basi si mrina asali, kama unaanzia viwanja vya pwani basi mjue. Badala ya kutupiana maneno hapa. Ila mawingu yakiwepo haioni, na moto mdogo wa konde moja unaweza kupita usionekane.

Kipanga
Kwa hiyo haitusaidii kumjua mtu.

Ustadh_Wifi
Nani kasema mtu, nimesema mahali.

Mwanafunzi_wa_Jozani
Naongeza kidogo, mie nimezaliwa karibu na Jozani. Watu wanadhani Jozani haiungui kwa sababu ni msitu wa maji. Ule wa maji ni kipande tu, pembeni yake kuna maweni makavu kama ya kwenu. Imekuwa hifadhi ya taifa 2004, ina walinzi, watalii wanakuja kuona kima punju, kwa hiyo moto ukisogea kuna macho. Mapori ya shehia hayana mtalii, hayana macho. Kisa cha mpango kulala kabatini ni hicho, mwitu usioingiza kitu nani aulinde. Tulipewa hadithi ya kaboni miaka ile, kuwa tutalipwa kwa kuacha miti isimame, watu wakaacha kukata wakingojea pesa, mie mfukoni mwangu haikuingia hata ya chumvi.

BintiMakunduchi
Hapo sikubaliani. Kuna watu walilinda mwitu kabla ya kaboni na kabla ya watalii, kwa sababu ya kuni, dawa na mizimu. Pesa ilipoahidiwa ndo watu wakaanza kuhesabu.

Mwanafunzi_wa_Jozani
Mizimu ilikuwa na walinzi wazuri kuliko kamati, nakubali.

Fundi_Makuti
Mie nitetee makuti kidogo maana naona yanatukanwa. Naezeka mabanda ya hoteli kaskazini na mashariki. Hoteli zinabanana, banda la huyu ncha yake inagusana na banda la yule, upepo wa pwani haulali. Likiwaka moja cheche zinaruka mabanda matatu mbele, hapo hata ukiwa na ndoo mia. Nimewaambia mabosi waache nafasi, wanasema nafasi ni pesa, kitanda kimoja zaidi. Halafu vijiji viko nyuma ya hoteli hapo hapo. Mpango wowote wa shehia za pwani usiokuwa na mameneja wa hoteli ndani yake ni karatasi. Wao wana matangi ya maji, wana pampu, wana walinzi wa usiku wasiolala. Kwa nini hawamo kwenye kamati?

Mjumbe_Asiyelipwa
Wanaalikwa. Wanaleta katoni ya maji na fulana, hawaji.

Toronto_Baridi
Ureno walifanya kitu kinachofanana na mnachotafuta. Baada ya moto wa Pedrógão Grande 2017, watu 66, wengi wao walikufa barabarani wakikimbia na magari, mwaka uliofuata wakaanzisha mpango wa vijiji. Kila kijiji kinachagua mtu mmoja wa kujitolea, jina lake linajulikana kwa kila mtu, kazi yake kutoa taarifa na kuwaelekeza watu. Na kijiji kinachagua jengo moja au uwanja wa kukimbilia, na wanafanya mazoezi ya kuhama. Si kamati, mtu mmoja.

Mwana_wa_Maweni
Ndo ninachokisema mie! Mtu mmoja kila upande wa mwitu, watatu jumla, namba zao zimebandikwa dukani, skuli na msikitini.

Kipanga
Na simu ikizimika chaji kama ya sheha?

Ustadh_Wifi
Kipaza sauti cha msikiti. Tunatangazia misiba, tunatangazia mtoto kapotea, moto tushindwe?

Jongoo_Bahari
Umeme ukikatika?

Babu_Karafuu
Mbiu. Zamani ikipigwa baragumu mtu anaacha sahani.

Jongoo_Bahari
Mzee siku hizi ukipiga baragumu watatoka na simu kurekodi.

MlinaAsali
Tuseme la kazi. Pendekezo langu ni kuchoma kwa zamu. Wenye makonde wa shehia zote tatu wanaandikisha, kwa siku wanachoma wachache, asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, unafyeka ukingo kwanza mpaka mawe yaonekane, unaanzia upande ule upepo unakokwenda ili moto urudi nyuma polepole usikimbie, na majirani wa konde wawepo wote. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa upepo kila siku, siku ya upepo mkali hakuna wa kuchoma hata kama kaandikishwa. Na kesho yake asubuhi mtu anarudi kupekua magogo na mizizi kwa mkono, maana maweni yana mianya, majani yaliyooza humo ndani yanafuka siku nzima juu unaona jivu tu.

Shangani82
Hapo mwisho ndo Lahaina.

Kipanga
Mrina asali katoa maneno mazuri, sikutegemea. Ila mtu kafyeka, mvua za masika ziko mlangoni, zamu yake bado wiki mbili, atangoja? Atachoma usiku.

MlinaAsali
Atachoma usiku na leo pia anachoma usiku. Angalau tutajua ni nani asiyekuwa kwenye zamu.

BintiMakunduchi
Na asiyejulikana ardhi ya nani je? Kuna vipande mwenyewe yuko Oman au yuko Dar, hafyeki, hapalilii, hauzi. Moto unapenda hapo.

Babu_Karafuu
Narudi palepale. Nani analipa. Bila hilo zamu, simu, setilaiti, mtoto wa dada yangu atachoma tu.

Mjumbe_Asiyelipwa
Mzee kwenye mikataba ya misitu ya jamii mnaweza kuweka kanuni zenu wenyewe za faini ndani ya eneo la mkataba. Ya kwetu imo. Haijawahi kutozwa kwa sababu ile ile, sheha shemeji.

Babu_Karafuu
Basi sheha wa shehia ya jirani ndo atoze. Yeye hana shemeji huku.

Mwana_wa_Maweni
@Babu_Karafuu hilo sijalifikiria kabisa na nimelipenda. Shehia ya pili inatoza ya kwanza, ya tatu inatoza ya pili.

Kipanga
Zitapigana shehia.

Bi_Kuni
Na ile pampu ya maji ya mradi iko wapi? Shehia zote tatu tulipewa moja tukaambiwa ya pamoja.

Mwana_wa_Maweni
Iko kwa sheha wa shehia ya tatu, chumba cha nyuma. Mpira wake ameufunga kwenye bustani ya mchicha. Kikao nimeshaomba, shehia zote tatu, Ijumaa hii baada ya sala pale skuli. Wanawake waje na waketi mbele. Mwenye ramani ya @Ustadh_Wifi aichapishe.

Jongoo_Bahari
Ijumaa hii? Yakhe Ijumaa hii fainali ya kombe la shehia, timu ya pili na ya tatu. Hatokuja mtu.

MlinaAsali
Basi kifanyeni hapo hapo uwanjani, mapumziko.

Kipanga
Dakika kumi na tano mpange moto wa shehia tatu?

Bi_Kuni
Kwa miaka yote mliyokaa vikao, kumi na tano zinatosha. Nani anakwenda kuufungua ule mpira kwenye mchicha?